Nimegawa Nyumba, Nimebaki na Korido

Jumanne ya tarehe kumi na saba, saa nne na robo asubuhi, ndipo mambo yangu yalipoharibika rasmi. Saa naijua vizuri kwa sababu nilikuwa naitazama saa ya ukutani wakati inashushwa.

Aliyeishusha ni binti yangu. Alisema ukuta ni wake.

Kama gazeti lako la wiki iliyopita lilikwenda kufungia misumari dukani kabla hujalisoma, pole, nakudokezea. Mimi ni fundi funguo. Miaka thelathini na moja nachonga funguo kwenye kibanda kilichoegemea ukuta wa nyumba yangu, kibanda kinachoingia mtu mmoja, tena asimame. Mke wangu alifariki mwaka jana. Wosia wake haukuonekana, ofisi ikaiandika nyumba jina langu, nami nikabaki na watoto wawili watu wazima. Wa kwanza ni Mpole, ambaye tangu azaliwe hajapaza sauti. Wa pili ni dada yake, ambaye ulimi wake unakata kuliko tupa ninayochongea.

Kisha mwenyekiti wa mtaa akatukusanya wazee, akatuhutubia habari za mirathi. Akasema mwenye akili hagawi akiwa kaburini, anagawa macho yakiwa yanaona. Watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga. Yeye mwenyewe, nimekuja kujua baadaye, hajamgawia mtoto wake hata kijiko.

Nikaenda kwa wakili. Wakili hakuwepo. Wakili huwa hayupo, yupo karani wake, bwana mmoja mwenye kiti kinachozunguka. Mezani palikuwa na fomu za aina mbili. Moja ilikuwa na kurasa sita na inaitwa wosia. Nyingine ukurasa mmoja, inaitwa hati ya zawadi. Mimi shule niliishia darasa la nne. Nikachukua fupi. Mpole alikuwa amenisindikiza, na kwa upole wake akanishikia miwani isije ikadondoka.

Karani akaniuliza wanangu nataka wapate lini.

Ndugu zangu, pale kibandani kwangu pameandikwa kwa rangi nyekundu: UFUNGUO LEO LEO. Miaka thelathini na moja, kila anayeniuliza "lini" namjibu neno hilohilo. Mdomo umeshazoea, haungoji kichwa.

"Leo leo," nikasema.

Karani akagonga muhuri. Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita.

Nilirudi nyumbani kifua mbele. Niliamini kwamba karatasi ndiyo itakuwa tayari leo leo, na nyumba wataipata siku nikishafumba macho. Na kwa kuwa sipendi kazi nusunusu, nikavua vitasa vyote vya zamani, nikaweka vipya. Sebule na chumba cha mbele nikampa Mpole. Chumba changu, chumba cha pili na jiko nikampa dada yake. Kila mmoja nikamkabidhi funguo zake zikiwa bado zina joto la tupa.

Nakala sikubaki nayo hata moja. Hiyo ndiyo sheria yangu ya kazi. Fundi anayebaki na nakala ya ufunguo wa mteja si fundi, ni mwizi anayengoja giza. Watu wote wanaijua sheria hiyo, ndiyo maana wananiletea vitasa vyao kutoka mitaa sita.

Mpole alipokuwa akiutunga ufunguo wake kwenye kifungu chake cha funguo, niliona pale katikati ya funguo nyingine kaufunguo kafupi ka shaba. Nikajiambia, meno haya nayajua. Nilitaka kumwuliza, lakini binti akaniita nikamfungulie dirisha lililokwama, nikasahau.

Sasa turudi Jumanne.

Binti alikuja na mtu. Mtu mrefu, mwembamba, amekumbatia sanduku jeusi la ajabu ajabu kama aliyebeba mtoto wa mamba. Akanitambulisha: huyu ni mpangaji, anapuliza tarumbeta kwenye bendi, na chumba kimempendeza.

Nikauliza chumba gani.

Akanionyesha kwa kidevu. Kilikuwa changu. Shuka lilikuwa bado na mkunjo wa mgongo wangu.

"Mwanangu," nikamwambia, "mimi bado sijafa."

"Najua, baba. Ndiyo maana nimekusalimia."

Akatoa karatasi. Akanisomea taratibu, kidole juu ya mstari, kama anayemfundisha mtoto. Karatasi haikusema nikifa. Ilisema leo. Tena akaongeza kwamba alidhani nitashukuru, kwa sababu aliambiwa mimi mwenyewe nimechoka na nyumba, nataka kwenda kupumzika kwa mama yake mdogo. Nani kamwambia hayo, sikuuliza. Nilikuwa nashughulika kumnyang'anya mpuliza tarumbeta mto wangu.

Mpole akatokea. Mpole hutokea kila mara mambo yakiwa mabaya, kama mafuta ya kuchulia. Akanishika bega, akaniambia nisigombane na mtoto wa kike, niende nikakae sebuleni kwake.

Kwake. Nikalimeza hilo neno, nikaenda.

Sebuleni palikuwa pamejaa makochi mapya saba, yote yamefungwa nailoni. Nilipotaka kukaa, Mpole akaniomba kwa adabu nisiyakalie kwanza, kwa sababu ni ya mchumba wake na bado hajayaona. Nikasimama kati ya makochi saba, sina pa kukaa. Nikatafakari habari za mwenyekiti wa mtaa, na sitayaandika hapa niliyotafakari, kwa kuwa gazeti hili linasomwa na watoto.

Saa sita mchana nilikuwa mbele ya karani. Alizungusha kiti nusu, akanitazama kwa jicho moja. Nikamweleza kwamba amenitoa nyumbani kwangu kwa muhuri. Akasema muhuri haumtoi mtu, mtu hujitoa mwenyewe, muhuri unashuhudia tu. Watu wenye viti vya kuzunguka hawakosi jibu. Ukimshika huku, ameshageukia kule.

Nikamwomba afute. Akasema hafuti, ila wanangu wote wawili wakikubali kwa hiari yao kunirudishia, waje wasaini. Kisha akaanza kuipitia hati, huku kalamu yake ikitembea juu ya majina ya vyumba. Ghafla kalamu ikasimama.

"Mzee, korido ulimpa nani?"

Kusema kweli korido sikuwahi kuifikiria. Korido ni kitu unachopita, nani anafikiria kitu anachopita?

"Na choo?"

Choo chetu kiko mwisho wa korido. Hicho nacho nilikisahau.

Karani akavua miwani, akaipangusa. Kisichogawiwa, akasema, kinabaki kwa mwenyewe. Mlango wa mbele, korido yote mpaka mwisho wake, na choo, ni mali yangu halali.

Nikamshukuru. Ni mara ya kwanza maishani kuishukuru ofisi. Nilipofika ngazini nikakumbuka kwamba ni yeye huyohuyo aliyeniharibia, nikarudi juu nikamwambia shukrani zangu nimezichukua.

Nyumba yetu, wasomaji, imejengwa kama reli. Korido katikati, vyumba huku na huku, mlango wa mbele upande mmoja na choo upande wa pili. Hakuna anayeingia bila kupita kwangu. Hakuna anayetoka bila kupita kwangu. Na tumbo la mtu, hata awe amepewa vyumba kumi, safari yake moja inaishia kwangu.

Kabla jua halijazama nilikuwa nimeshaweka kitasa kipya mlango wa mbele na kingine mlango wa choo. Funguo zote mbili nikazivaa shingoni. Godoro langu nikalitandika katikati ya korido, saa yangu ya ukutani nikaitundika juu ya kichwa. Godoro ni la watu wawili, korido ni ya mtu mmoja na nusu. Anayetaka kupita anapita ubavu ubavu kama kaa.

Nikatangaza masharti. Kila apitaye asalimie kwanza. Asiyesalimia arudi alikotoka, aanze upya. Anayetaka choo aje aombe ufunguo kwa adabu, na akiurudisha aseme asante.

Jumatano yote nilitawala. Jirani mmoja alikuja kuazima ngazi, akasalimia mara tatu kwa woga. Alhamisi asubuhi mpuliza tarumbeta akaja kuomba ufunguo wa choo, na aliuomba vizuri mno hata nikampenda. Nikamwambia aketi kidogo, nikamsimulia nilivyomwoa marehemu. Nilimweleza alivyonijia kibandani na kufuli lililopotezewa ufunguo, na mimi nikalifungua kwa sekunde kumi, kisha nikajifanya limenishinda siku nne ili aendelee kuja. Mpuliza tarumbeta alisikiliza yote, amekunja miguu, jasho linamtiririka. Ni mtu mwema. Sijapata msikilizaji kama yule tangu nifiwe.

Jioni yake binti akaja, akasimama ukingoni mwa godoro. Nikajiandaa kwa vita.

"Baba, mama angekuwepo ungelala hapa?"

Mama yake angekuwepo ile fomu ya kurasa sita ingesomwa yote, mstari kwa mstari, na karani angezungushwa yeye badala ya kiti chake. Mimi nilikuwa mikono ya nyumba ile. Macho alikuwa yeye.

Binti akaketi. Akaniambia kama ningesema mapema kwamba sitaki kuhama, asingeleta mpangaji. Yuko tayari kusaini nirudishiwe chumba, mradi na kaka yake asaini vyake. Nikamwambia Mpole atasaini, Mpole hana neno.

Binti akanitazama muda mrefu. Kisha akapita ubavu ubavu akaenda zake.

Na kweli, Mpole alikuwa mwema kwangu kuliko watu wote siku zile. Chai ya asubuhi alileta yeye. Alinitafutia blanketi. Jambo la kusaini kurudisha nilipomgusia, akasema lisitupe haraka, kwanza tuiweke korido sawa. Amezungumza na karani, akasema, na kuna kafomu kadogo tu ka mstari mmoja, ili ofisi isije ikadai korido haina mwenyewe. Nikimwandikia yeye, ataitunza, nami nitalala humo mpaka nichoke.

Ofisi naijua. Ofisi ikisikia kitu hakina mwenyewe, kesho kina mwenyewe na si wewe. Nikaona mwanangu ana akili. Tukakubaliana Ijumaa.

Ijumaa saa tatu asubuhi Mpole aliweka chai chini, karatasi juu ya godoro, kalamu mkononi mwangu. Nikatafuta miwani, kumbe ameshanishikia.

Ndipo mlango ukagongwa, na sauti ya shemeji yangu ikaingia kabla yake. Shemeji huyu ndiye mama mdogo wa wanangu, mdogo wa marehemu, na katika maisha yangu sijawahi kumshinda kwa maneno hata mara moja.

"Hodi hapa mpakani. Nimeambiwa shemeji yangu amekuwa askari wa forodha, anakagua watu matumbo."

Nikamfungulia. Akaingia akicheka, kitu kizito kimefungwa kwenye shuka chini ya kwapa. Kisha akaliona godoro. Akaiona saa iliyotundikwa. Akaacha kucheka.

"Unalala hapa kweli?"

"Nalala kwangu," nikasema.

Akaketi juu ya godoro bila kuomba ruhusa, akafungua shuka. Ndani mlikuwa na kisanduku cha chuma, rangi ya kijani, kufuli la shaba.

Wasomaji, mimi nimeshika makufuli mengi kuliko nywele zangu, lakini lile nililijua kabla sijalishika. Nililitengeneza mimi, mwaka wa kwanza wa ndoa yetu. Marehemu alitaka kisanduku ambacho hakuna mtu atakayekifungua ila yeye. Nikamfanyia kazi ambayo sijawahi kuirudia, ufunguo mmoja tu, mfupi, wa meno matano. Akaniuliza, na wewe utabaki na nakala? Nikamwambia sheria ni sheria, hata kwa mke. Alinicheka kwa sheria yangu nikiwa bado nauchonga, tupa ikateleza, jino la tatu likainama kidogo upande wa kushoto. Nilitaka kuuchonga upya. Akakataa, akasema anaupenda hivyohivyo.

Shemeji akaeleza. Wiki mbili kabla ya kufariki, dada yake alimkabidhi kisanduku akamwapisha akae kimya. Maneno yake ya mwisho juu ya jambo hilo shemeji aliyarudia neno kwa neno, na binti, ambaye alikuwa ameshatoka chumbani, aliyasikia pia.

"Namjua mume wangu. Mkono wake ni bomba bovu, akianza kutoa hafungi. Siku utakayomkuta hana chumba, mpelekee hiki. Humu ndimo nilimoandika nyumba iende vipi."

Mpuliza tarumbeta, ambaye alikuwa amekuja kuomba ufunguo wa choo, alisimama pale pale mkono wazi.

Nikamwuliza shemeji ufunguo uko wapi. Akasema hana. Nguo za marehemu ziliporudi kutoka hospitali aliupapasa ufunguo kila pindo, haukuwemo. Akanitaka nilichokonoe kufuli kwa waya, mimi si ndiye fundi? Nikamwambia lile halichokonoleki. Nililitengeneza kwa mapenzi, na nilikuwa kijana.

"Basi litasubiri," akasema. "Limekaa mwaka mzima juu ya kabati, chumba cha uani, halijaguswa na mtu."

Chumba cha uani kwa shemeji ndicho anachopanga Mpole. Nililijua hilo. Sote tulilijua. Lakini kuna mambo unayajua miezi kumi na mbili bila kuyasikia.

Shemeji akakiinua kisanduku akitikise ili tusikie. Akasema siku aliyopewa kilikuwa kikichakarika ndani, karatasi juu ya karatasi, kama panya kwenye majani makavu.

Akakitikisa.

Kimya.

Akakitikisa tena, kwa nguvu, sikio karibu. Bawaba ililia kidogo. Ndani hamkuchakarika kitu.

Binti akamtazama kaka yake. Mpole alikuwa amepiga magoti karibu yangu, uso uleule wa kila siku, uso wa mtu anayekuombea heri.

"Baba, chai inapoa," akasema taratibu. "Hebu tumalize hii saini moja, kisanduku tutakitazama baadaye kwa utulivu."

Kalamu ilikuwa imeniteleza, imebingirika chini ya godoro. Akaingiza mkono mfukoni atoe yake. Kalamu ikaja, na kifungu cha funguo kikaja nayo, kikaanguka juu ya karatasi ya korido, funguo zikatawanyika kama vidole.

Kaufunguo kafupi ka shaba kalilala juu ya wenzake.

"Nipe miwani yangu," nikasema.

Akasita. Kisha akanipa. Nikaivaa, mara ya kwanza kuivaa mbele ya karatasi yoyote tangu siku ile ya karani. Lakini karatasi sikuisoma. Nikainama juu ya ufunguo. Meno matano. La tatu limeinama kidogo, kushoto.

Nikaushika. Ulikuwa na joto la mfuko wake.

"Mwanangu," nikamwuliza, "ulipokifungua kisanduku cha mama yako, ulikuta ameandika nini?"